Vumbi la Santuri

Kila Jumapili baada ya misa, Bartholomeo Mageni alifunga mlango wa sebule yake pale Ibadakuli, akavua viatu, akapiga sahani moja tu ya santuri, kisha akafagia sindano. Kupiga santuri hakukumshangaza mtu. Wazee wengi wana mambo yao. Kilichoshangaza ni huko kufagia sindano. Alikuwa na kiburashi alichokitengeneza mwenyewe kwa manywele ya mkia wa ndama, karatasi nyeupe, na kichupa cha kioo chenye kifuniko cha mpira, kile cha dawa ya sindano ambacho mabroka wa dhahabu hutembea nacho mfukoni. Wimbo ukiisha, aliinua mkono wa gramafoni, akapitisha burashi kwenye ncha ya sindano, vumbi likaangukia karatasi, naye akalikung'utia kichupani na kukifunga. Ukilitazama vumbi lenyewe ungesema ni uchafu wa mfuko wa suruali.

"Baba Ritha," mkewe Scolastika alimuuliza siku moja, "hilo vumbi unampelekea nani?"

"Halikuhusu."

"Nauliza tu. Maana hata mabroka hawalinunui."

"Nimesema halikuhusu, Mama Ritha."

Hakutaka kulieleza kwa mdomo kwa sababu alijua litachekesha. Kichwani mwake lakini lilikuwa wazi kama mchana. Alikuwa ameishi machimboni miaka mingi, na huko jiwe husagwa kwenye karasha, unga wake ukaoshwa, na dhahabu ikanasa kwenye magunia. Unga unaobaki huitwa marudio. Zamani watu waliyamwaga marudio kama majivu. Kisha wakaja wenye mitambo, wakanunua vile vilima vya taka, wakavipitisha kwenye dawa, wakatoa humo dhahabu ambayo mchimbaji wa kwanza hakuiota. Bartholomeo alilishuhudia hilo Masumbwe, kwa macho yake, na marudio yenyewe yalikuwa yake. Tangu siku hiyo hakuamini kwamba kitu kilichosagwa kimepotea. Basi, kama sindano inakwangua sahani kila inapopita, kile inachokikwangua kiko kwenye vumbi. Na kilichokuwa kinakwanguliwa ni gitaa la Kalisti.

Kalisti alikuwa kaka yake. Alipiga gitaa la solo katika Ibinzamata Jazz, bendi ya hapa hapa Shinyanga iliyochangamka muda mfupi ikafa kwa ugomvi wa vyombo. Walitoa sahani moja tu. Katika wimbo wa mwisho wa upande wa pili, waimbaji wakishamaliza malalamiko yao ya mapenzi, ngoma zinakaza, chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, linaingia, na Kalisti anabaki peke yake kule juu kabisa kwenye shingo ya gitaa, kwenye nyuzi nyembamba, anaruka huku na huku kama mbuzi kwenye majabali. Halafu pale mwisho, kabla wimbo haujazimika, anashuka. Noti kwa noti, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi ya duara, shimo la wachimbaji. Hapo ndipo Bartholomeo alipokuwa akifumba macho.

Bendi ilipokufa, ndugu hao wawili walikwenda Geita kuchimba. Siku ya ajali Kalisti alitangulia kushuka shimoni. Bartholomeo alikuwa juu kwenye winchi, akaitazama kofia ya kaka yake ikiteremka ngazi baada ya ngazi mpaka giza likaimeza. Matimba, magogo yaliyoshikilia kuta za shimo, yakaachia. Walichimbua kifusi kwa mikono, kwa sururu, kwa masufuria, mpaka mwenye eneo akasema basi, udongo bado unatembea, watakufa na wengine. Wakapigilia msalaba wa mti wa mninga, wakasali, wakaondoka. Miaka ikapita, mashine kubwa zikaja, kilima kikakatwa, na leo ukienda pale huwezi kuonyesha kwa kidole kwamba ni hapa. Kaburi la kufyekea majani halipo. Mama yao alikufa akiuliza mwanawe amelala wapi. Kilichobaki cha Kalisti duniani ni sahani ile, na kwenye sahani ni wimbo ule, na kwenye wimbo ni chemko lile.

Na chemko lilikuwa linaisha.

Lilianza kwa kupungua, kama redio inayokwisha betri. Mwaka huu gitaa liko, mwaka ujao liko mbali kidogo. Besi ilikuwa palepale, inatikisa vikombe kabatini. Ngoma zilikuwepo. Gitaa likawa kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta, halafu nyuma ya nyumba, halafu ng'ambo ya barabara. Bartholomeo alibadilisha sindano. Akabadilisha mkanda wa gramafoni. Akaiosha sahani kwa maji ya mvua na sabuni ya mche, akaipangusa kwa kanga ya mkewe, akatukanwa kwa ajili ya hiyo kanga. Wapi. Mwisho akajipa jibu: sindano inamla ndugu yangu. Kila Jumapili ninayompiga ili nimsikie, namsaga. Mimi ndiye karasha.

Jibu hilo lilimnyima usingizi. Akijizuia asipige, Kalisti hayupo. Akipiga, Kalisti anaisha.

Mambo mengine yalikuwa yakipungua vilevile, lakini hayo hakuyajali. Nyenje walikuwa wameacha kulia Ibadakuli. Hiyo ni dawa ya pamba, imeua wadudu wote. Ndege wa asubuhi wameondoka. Hizo ni ndege za uwanjani, nani angekaa jirani na makelele yale. Wanawake wa siku hizi wanaongea ndani ya pua, na wajukuu ndiyo kabisa, wanamung'unya maneno kama wana ugali mdomoni. Mkewe peke yake ndiye aliyekuwa bado anaongea kama mtu. Scolastika alikuwa na sauti nzito. Usichanani kwake, kwaya ya parokia ilimpanga upande wa wanaume akaimbe besi, na Bartholomeo alimpendea hiyo hiyo sauti wakati wenzake wanamcheka kwamba ameoa mwanakwaya mwenye koo la katekista.

Scolastika hakuipenda ile sahani. Ilikuwa imemnyang'anya Jumapili zake zote tangu aolewe. Mlango unafungwa, wageni wanarudishwa, yeye anakaa jikoni anachambua mchicha huku wimbo uleule unapita ukutani, mara moja, mara mbili, mara tatu.

* * *

Aliyemtia Bartholomeo moto ni Sufiani. Huyu alikuwa na duka la vyombo vya muziki mjini, baba yake mtu wa Tanga, mama yake Mnyamwezi, mdomo wake wa pande zote mbili. Alimweleza kwamba siku hizi sauti haichongwi tena kwenye plastiki. Inageuzwa hesabu, hesabu zinakaa kwenye diski, na hesabu haisagiki.

"Ukiipiga leo, ukaipiga wajukuu zako wakiwa na mvi, ni ileile, mzee wangu. Hakuna kinachogusana na kitu."

"Hakuna sindano?"

"Hakuna sindano."

"Na kile kilichokwisha liwa?"

Hapo Sufiani, mfanyabiashara, akasema neno ambalo baadaye alilijutia. Alisema, "Mtambo wa daraja la juu, mzee, unatoa hata kile ambacho gramafoni yako haijawahi kukitoa tangu uinunue."

Bartholomeo alisikia: mtambo wa marudio.

Akaenda Masumbwe, akauza karasha lake. Karasha lile ndilo lililomjengea nyumba, likamsomeshea Ritha, na alikuwa amesimama kando yake miaka na miaka, mchana kutwa, vyuma vikisaga mawe hatua chache kutoka kwenye sikio lake. Scolastika aliposikia kwamba limeuzwa kwa ajili ya redio, alikaa chini kwenye kizingiti.

"Baba Ritha, watu wanauza karasha wakiumwa. Wewe unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi wewe ni mgonjwa kuliko wanaoumwa."

Mtambo ulifika Jumamosi asubuhi kwenye gari ya Sufiani, umefungwa kwenye maboksi kama maiti ya tajiri. Spika mbili ndefu kufika kifuani mwa mtu, za mbao iliyong'arishwa. Amplifaya nzito iliyobebwa na watu wawili. Kisanduku kidogo cheusi ambacho Sufiani alikibeba mwenyewe, akisema ndiyo roho ya mambo yote, ndicho kinachogeuza sauti kuwa hesabu na hesabu kuwa sauti. Na kishikwambi cha kuchagulia wimbo kwa kidole ukiwa umekaa kwenye kochi.

"Mwangaluka, mama," Sufiani alimwamkia Scolastika kwa Kisukuma chake cha dukani.

"Mwangaluka. Karibu na maboksi yako. Ng'ombe wa mahari ya mjukuu wangu wamo humo ndani."

"Ukisikia sauti yake utanisamehe, mama yangu. Inzi akitua kwenye maikrofoni, utamsikia anavyokuna miguu."

"Inzi wamejaa tele jikoni kwangu," akasema Scolastika. "Sikujua wanauzwa."

"Mimi sitaki inzi," Bartholomeo akakata. "Nataka gitaa."

Waya zilipounganishwa, Bartholomeo alitoa kichupa mfukoni, akakiweka juu ya meza. Sufiani akakiona, akarudi nyuma.

"Mzee, dhahabu mimi sina leseni nayo. Tutafungwa."

"Si dhahabu. Ni vumbi la sahani. Limetoka kwenye sindano, lote, sikumwaga hata punje. Sema linaingilia wapi."

Sufiani alimtazama Scolastika. Scolastika alikuwa ameshaanza kucheka, mkono mdomoni, lakini alipouona uso wa mumewe kicheko kikamkauka. Ndipo alipoelewa alichokuwa anafagia mumewe miaka yote ile.

"Mzee wangu," Sufiani akasema polepole, "mtambo huu hauna tundu la vumbi. Lakini ngoja kwanza nikague sahani."

Akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama mifereji yake kwa lenzi. Akaitazama tena.

"Nani kakwambia imeliwa? Nimeona sahani za wazee zimekwisha mpaka zinapitisha mwanga. Hii imetunzwa kama mboni. Nzima hii."

"Wewe piga kazi," Bartholomeo akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kadhaa moyo ulimdunda kwa furaha.

Waliipiga kwenye gramafoni mara moja tu, ikaingia kwenye diski. Sufiani akaifunika sahani ndani ya jalada lake, akampa mwenyewe kwa mikono miwili. "Hii sasa kalale nayo. Hutaigusa tena." Kisha akagusa kishikwambi.

* * *

Besi iliingia kwanza. Mama yangu, besi ile! Haikutikisa vikombe, ilisimama katikati ya sebule kama mtu. Ngoma zikaja, kila moja mahali pake. Waimbaji wakaimba, na Bartholomeo akasikia yule mwimbaji mnene akivuta pumzi, kitu ambacho hakuwahi kukisikia. Akashika mikono ya kochi. Machozi yalikuwa karibu. Malalamiko ya mapenzi yakaisha, ngoma zikakaza, akafumba macho.

Besi. Ngoma. Besi. Ngoma.

Akasubiri. Labda mtambo unachelewa. Besi, ngoma, wimbo ukazimika.

Akafumbua macho. Sufiani alikuwa anatikisa kichwa kwa utamu, meno yote nje. "Eeh, mzee! Huyo alikuwa fundi! Alijifunzia wapi mtu huyo?"

Bartholomeo aliinuka. "Liko wapi?"

"Nini?"

"Gitaa. Umelipeleka wapi gitaa?"

"Mzee, si hilo..."

"Umelifuta! Mtambo wako umesafisha sahani ukafagia na ndugu yangu!" Alikuwa ameshamkamata kola. "Nilikuwa namsikia kidogo kwenye gramafoni, kidogo, lakini alikuwepo. Wewe umemmaliza. Mrudishe! Mrudishe, au hutoki humu!"

"Baba Ritha, mwachie mtu!"

"Piga tena!"

Sufiani akapiga tena. Bartholomeo akaongeza sauti. Akaongeza. Akaenda akapiga magoti mbele ya spika, sikio lake likagusa kitambaa, akaongeza mpaka mwisho. Kuta zilitetemeka, kuku wakakimbia uani, jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kuna sherehe gani. Scolastika alijiziba masikio kwa viganja vyote viwili, uso umekunjamana, anapiga kelele kwamba zima, zima, linachoma. Bartholomeo alimwona. Aliona kwamba kuna kitu kinamchoma mkewe, kikali, chembamba, kinachotoka palepale alipoweka sikio lake, na yeye hakisikii.

Sufiani akazima.

Kisha yule mfanyabiashara, labda kwa kujitetea, akamletea kishikwambi. "Tazama, mzee. Macho yako hayana neno. Huu ni wimbo wako umechorwa. Hivi vilima vipana vya chini ni besi. Hivi ni ngoma. Sasa tazama hapa kwenye chemko." Akapanua kwa vidole. Kulikuwa na michirizi myembamba, mirefu, iliyosimama kwa mamia, imepangwa kama masuke. "Huyu ndiye yeye. Yuko mzima. Hakuna aliyemgusa."

Bartholomeo aliigusa ile michirizi kwa kidole. Kioo kilikuwa cha baridi.

"Mama Ritha," akasema bila kugeuka. "Wewe umemsikia?"

Scolastika alimtazama Sufiani kwanza.

"Nakuuliza wewe."

"Nimemsikia."

"Na kwenye gramafoni? Jumapili iliyopita?"

"Nimemsikia Jumapili zote, Baba Ritha. Hajapungua hata kidogo." Akavuta kanga yake mabegani. "Unadhani kwa nini nakupigia kelele kama niko ng'ambo ya mto? Tangu Ritha hajaolewa. Simu inalia mkononi mwako, hujui. Ritha alikuimbia wimbo siku ya harusi yake mbele ya watu wote, ukaniuliza mbona anachezesha mdomo tu. Nikakwambia maikrofoni imeharibika. Nyenje wako palepale walipo. Wanatukera kila jioni."

"Ulijua ukanyamaza."

"Ningekwambia nini? Kwamba karasha limekula masikio yako? Ungekubali?"

Angekataa, na wote wawili walijua. Bartholomeo akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea spika, mzee mzima, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. Alikuwa tayari kwa sahani iliyoliwa. Sahani iliyoliwa ina vumbi lake, na vumbi lina mtambo wake. Alikuwa tayari kwa tapeli, tapeli unamkaba. Sasa amkabe nani? Kalisti yumo humo ndani ya kisanduku, mzima, haozi, hasagiki, atapiga gitaa lake mpaka dunia iishe, kwa kila mtu mwenye masikio. Kwa Sufiani. Kwa jirani aliyechungulia ua. Hata kwa kuku.

* * *

Walikwenda Mwanza kwa daktari wa masikio. Daktari alimfungia kwenye chumba kidogo, akamvisha vitu masikioni, akamwambia anyooshe mkono kila anaposikia mlio. Bartholomeo alinyoosha, akanyoosha, kisha akakaa muda mrefu akidhani mashine imezimika. Alipotoka alimkuta daktari ameshaandika. Mishipa ya ndani ikifa haifufuki, alisema, na hakulizungusha. Akampa vifaa vya kuvaa. Vilimsaidia kumsikia konda na mhubiri. Alipovivaa nyumbani akapiga wimbo, mahali pa gitaa palitoka kitu kama bati linaloburutwa kwenye changarawe. Alivivua, akavitia kwenye kikombe kabatini.

Jumapili zikaendelea. Alifunga mlango, akavua viatu, akagusa kishikwambi. Hakuwa na sindano ya kufagia. Wimbo ulipofika kwenye chemko aliutazama ule mchoro ukipita, ile michirizi myembamba inaingia upande huu inatokea upande ule, na alijitahidi kuupigia gitaa kichwani ili vilingane. Mwanzoni vililingana. Wiki nyingine akajikuta michirizi imekwisha na yeye kichwani bado yuko njiani. Nyingine akamaliza mapema. Jumapili moja akakaa tayari, chemko likaingia, na kichwani kukawa kimya. Hakuna kitu. Alitafuta noti ya kwanza hata ya kuanzia, akaikosa, wimbo ukazimika. Alitoka jasho kama amekimbizwa. Akafungua mlango mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kabla wakati wake haujaisha, akapita mpaka jikoni.

Scolastika alikuwa anachambua mchicha.

"Ameondoka," Bartholomeo akasema. "Hata kichwani hayumo."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayearifu kwamba maji yamekatika, lakini alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Scolastika alimtazama. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akamshika mkono na kumrudisha sebuleni kama anavyoongozwa kipofu. Akamkalisha kwenye kochi. Akakaa karibu, goti kwa goti, akaleta mdomo wake kwenye sikio lake la kulia, lile lenye nafuu.

Akaguna. Hakuimba, aliguna tu, mdomo umefungwa, kwa lile koo lake la besi lililomfanya apangwe na wanaume. Alilichukua gitaa kule juu lilikokaa, akalishusha mpaka chini kabisa, kwenye kina ambacho karasha halikufika.

Mguno wa kwanza ulipoingia, Bartholomeo alishtuka mwili mzima. Ulikuwa mwanzo wa chemko. Haukuwa na nyuzi wala mng'aro, ulikuwa mzito kama mtu anavyotembea na mzigo, lakini ndio wenyewe, na wa pili, na wa tatu, na kale kamruko ka mbuzi ambako Kalisti alikarudia mara mbili kwa utundu. Mwanamke huyu aliyeichukia sahani alikuwa nayo yote. Jumapili zote zile jikoni ilikuwa imemwingia bila ruhusa yake. Machozi yalimtoka Bartholomeo na hakuyafuta, aliogopa kusogeza kichwa.

Akafika mwisho, pale pa ngazi. Na Scolastika akapanda.

Bartholomeo akamshika goti. "Siyo hapo."

"Nini siyo?"

"Hapo anashuka. Umekosea. Kalisti anamaliza kwa kushuka."

"Anapanda, Baba Ritha."

"Anashuka! Mimi ndiye ndugu yake. Nimesikiliza miaka yote hiyo, unaniambia mimi? Anashuka polepole, ngazi kwa ngazi, mpaka..." Akakatika.

"Ngoja," Scolastika akasema. Alichukua kishikwambi, akarudisha wimbo mwishoni, akausikiliza ameinamisha kichwa. Bartholomeo aliutazama uso wake. Aliona macho yake yakiinuka, kidogo, kidogo, na kidevu kikiinuka nayo, vile mtu anavyofuatisha kitu kinachokwenda juu. Alirudisha tena, akasikiliza tena. Uso ulifanya vilevile.

"Anapanda," akasema. "Nisingekudanganya kwa hili. Anapanda mpaka wimbo unamkatikia juu huko."

Bartholomeo alitafuta kichwani mahali alipokuwa akimwona anashuka. Kofia ilikuwepo. Ngazi ilikuwepo, na giza. Gitaa halikuwepo, na sasa hakuwa na hakika tena lilikuwepo lini, na ni miaka mingapi amekuwa akifumba macho na kuyasikiliza mambo mengine. Kulikuwa na mwamuzi mmoja tu, yule kwenye kisanduku cheusi, naye alikuwa anasema waziwazi, palepale, kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia.

Kichupa kilikuwa bado kwenye meza. Alikichukua, akakishikilia kiganjani.

"Basi nifundishe," akasema.

"Nikufundishe nini?"

"Hapo mwisho. Unavyosikia wewe."

Scolastika akarudisha mdomo sikioni kwake, akaanza kuguna tena. Bartholomeo akamfuata kwa sauti ya kukwaruza, akakosea, akamfuata tena. Kila alipofika pale mwisho koo lake lilitaka kushuka kwa mazoea, na kila mara mkewe alimpiga kwa kidole gotini: juu. Akapanda. Haikufanana na Kalisti hata kidogo. Akaambiwa arudie, akapanda tena.